Tiketi Isiyogongwa

"Shuka. Sasa hivi."

Ujumbe uliingia milango ya treni ikijifunga. Binti mmoja, msusi, aliusoma, moyo ukampiga paa! Aliyeutuma ni mchumba wake, mkaguzi wa tiketi, ambaye siku zote humtonya wakaguzi wanapanda treni gani.

Akajibu haraka: "Nimechelewa. Niko behewa la nyuma. Niko na mama yako."

"Mungu wangu! Leo nimeambatana na msimamizi. Tunaanzia huko huko."

Jamani, mapenzi na ujanja! Treni hii ya mjini haina geti. Unanunua tiketi kwenye mashine, unaigonga kwenye kisanduku pale kituoni, kinachapa saa. Usipoigonga, ni sawa na umepanda bure. Sasa bibie, kwa kudekezwa, alikuwa na tiketi moja tu aliyotembea nayo siku nenda rudi, haijagongwa hata mara moja. Leo ujanja ulimkaba koo, maana mkaguzi mwingine alishafukuzwa kazi kwa kumlinda mpenzi wake vivyo hivyo.

"Mbona unatoka jasho, mwanangu?" mama mkwe aliuliza. Walikuwa wanakwenda kununua vitambaa vya harusi.

"Joto tu, mama. Hivi... tiketi yako uliigonga?"

"Tena mara mbili! Ya kwanza sikusikia mlio. Kwani wewe?"

"Sikugonga."

"Makubwa! Kwa nini?"

"Nitakueleza, mama. Ila mwanao anakuja kukagua, ana mkubwa wake. Nakuomba usionyeshe kuwa unamjua. Watamfukuza."

Mama mkwe akafungua mkoba kutafuta tiketi yake. Wakaguzi walikuwa wameshaingia.

Msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alisimama katikati ya behewa. "Anza na hao wawili," alimwambia mkaguzi. "Nikuone unavyofanya kazi."

"Tiketi, tafadhali." Mkaguzi alinyoosha mkono.

Mama alitoa yake bila kuinua macho. Mwanawe akaitazama, akairudisha.

"Asante, mama."

Msusi akatoa ya kwake. Mkaguzi akaigeuza huku na huku, kana kwamba saa ingejichapa yenyewe.

"Sikuigonga," msusi alisema kwa sauti, kabla mchumba wake hajalazimika kuchagua. "Kosa ni langu. Niandikie faini."

"Vizuri, amekiri," alisema msimamizi. Kisha akamgeukia mkaguzi. "Mbona unatetemeka? Unamfahamu huyu?"

Msusi alimkazia macho. Kataa, mpenzi wangu. Kataa tu yaishe! Lakini papo hapo hofu nyingine ikamshika: je, akikataa kweli? Hivi hivi, mbele ya mama yake?

"Namfahamu," alisema mkaguzi. "Ni mchumba wangu. Na huyu ni mama yangu mzazi. Mchumba wangu asipogonga tiketi ni kwa sababu mimi humwambia tunakopita."

Msimamizi alivua miwani.

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Basi nipe kitambulisho. Kesho asubuhi ofisini, ukajieleze. Na wewe binti, faini utalipa."

Walishuka wote watatu kituo kilichofuata. Treni haijaondoka, msusi alishaangua kilio.

"Kwa nini hukukataa? Nilishakuokoa!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini tena? Si kazi ndiyo ya kuogopa?"

"Niliogopa kwamba ingenitoka kirahisi. 'Simjui.' Halafu jioni nije nikwambie nakupenda, kwa mdomo ule ule?"

Hofu ilikuwa bado imemjaa msusi: kodi ya nyumba, harusi, maneno ya watu. Alifuta machozi kwa kiganja.

"Kesho nakwenda na wewe," alisema. "Hatukosei wawili ukaadhibiwa peke yako."

"Watakuuliza wewe ni nani pale."

"Nitasema ni mke wako." Akamgeukia mama mkwe, sauti ikapungua. "Nakosea, mama?"

"Hukosei," alisema mama. "Mlichofanya ni upuuzi, na nitawagombeza vizuri tukifika nyumbani. Ila kesho ofisini tunakwenda watatu."