Fimbo ya Ngonjera

Mwaka 1973, kila asubuhi nilimpitia rafiki yangu Severa kwenye duka la baba yake, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nilimwamkia Mzee Anselmi, naye alinitilia karanga kiganjani. Kisha sisi wawili tulishika njia ya shule, kila mmoja na ufagio wake wa chelewa. Tulikuwa darasa la tano, na tangu la kwanza tulikaa dawati moja.

Wiki moja Mwalimu Pantaleo alitufundisha habari za biashara ya watumwa. Jumamosi wazazi wangekuja kutazama ngonjera yetu kuhusu jambo hilo.

"Nani atakuwa mfanyabiashara wa watumwa?" mwalimu aliuliza Jumatatu.

Severa alinyoosha mkono. "Hind, mwalimu! Yeye si Mwarabu? Babu zake ndio waliotuuza."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu, ambaye macho yake yalikuwa kwenye daftari, alisema tu, "Haya, Hind." Nikapewa fimbo.

Tangu saa ile sikuwa Hind tena. Kwenye bomba la shule waliniita Bwana Mkubwa na kunipigia magoti kwa kejeli. Ningekataa fimbo, wangesema nawatetea wauzaji. Ningeikubali, wangesema si unaona, inamfaa. Niliwachukia wote, na Severa zaidi, maana karanga za baba yake nilikuwa bado nazila.

Nikamwendea bibi yangu, Mauza, aliyekuwa akipepeta mchele. "Bibi, ni kweli sisi tuliuza watu?"

Ungo ulisimama. Bibi aliinuka akafunga mlango, mchana kweupe.

"Baba yangu alinunua mtu," alisema polepole. "Na mtu mwenyewe ndiye mama yangu. Alitekwa huko Nyasa akiwa mdogo kuliko wewe, akaletwa Kilwa kwa miguu. Usimwambie yeyote, mjukuu wangu. Watatucheka."

Nikawa nimebanwa huku na huku. Neno ambalo lingeweza kuniokoa shuleni, nyumbani nilikatazwa kulitamka.

Ijumaa tulifanya mazoezi. Severa alipiga magoti, mikono yake imefungwa kamba ya katani. Nilitakiwa kuinua fimbo na kusema, "Tembea, mali yangu!" Mkono ulikataa kuinuka.

"Hind, unatuchelewesha!" mwalimu alifoka.

"Siwezi, mwalimu! Anayepigwa hapo ni mama yake bibi yangu!"

Nililia mbele ya darasa zima, nikaeleza yote. Safari hii hakuna aliyecheka. Lakini niliogopa kurudi nyumbani, ikabidi mwalimu anisindikize.

Bibi alitusikiliza hadi mwisho. Nilingoja anigombeze.

"Miaka yote hii nimelificha neno hili," alisema mwishowe, "kumbe mzigo nimekutwika wewe."

Asubuhi alivaa buibui lake tukaenda wote shuleni, kabla wazazi hawajafika.

"Shikamoo, bibi," darasa lilimwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mama yangu alifungwa kamba kama hiyo. Nimeona aibu maisha yangu yote, na aibu ilikuwa ya aliyemfunga."

Mwalimu Pantaleo alinigeukia. "Nami nimekosa, Hind. Waliouza watu walikuwa wa pwani, na wengine wa huko bara tunakotoka sisi. Walitenda unyama, na hatutausahau. Lakini hatia hairithiwi kama pua. Sikilizeni, wanangu: mtu hahukumiwi kwa rangi yake wala kwa matendo ya babu yake. Ataulizwa yale anayoyatenda mwenyewe."

Kisha akakata vikaratasi ili mshika fimbo apatikane kwa kura. Kura ilimwangukia Severa.

Aliishika ile fimbo, akaitazama, machozi yakamtoka. "Nisamehe, Hind. Uliibebaje wiki nzima?"

"Ishike tu," nilimwambia. "Leo mimi nitakuwa mama yake bibi."

Nikampa mikono yangu. Severa akaizungushia kamba taratibu, akiniuliza kila mara kama inaniumiza.