Kuba Jekundu la Mzee Gregory

Haya nilisimuliwa na Philister, dada yetu wa kanisani, kwenye matanga ya mwanangu Lenny.

Philister anamtunza Gregory, mzee wa Kizungu huko Oakdale. Babu wa babu ya mzee huyo alikuwa askari, akazikwa Agra, India, chini ya kuba kama la mfalme wa Kiislamu. Mfano wa kaburi hilo, wa mawe mekundu, umewekwa katika chumba cha chini ya nyumba.

Jioni moja mzee alimtuma akalete blanketi huko chini.

"Ukipita karibu na kaburi, usiseme. Kuba lile hurudisha sauti."

"Kaburi dogo kama sufuria yangu, mzee?" Philister akacheka, akashuka.

Alipolishika blanketi, taa ilizimika. Alisimama gizani kimya, kama alivyoagizwa. Ndipo ndani ya kuba akasikia mwanamke akilia polepole: "Pole, Mama Lenny. Mungu amempenda zaidi."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, naye hakuwa amefungua kinywa.

Ndiyo maneno aliyoniambia mlangoni Lenny alipofariki. Lakini jioni ile ya blanketi, Lenny wangu alikuwa jikoni akipasha chai, akiimba.