Mkono Uliobaki Kwenye Picha

Haya yalimpata binti wa shangazi yangu, mchana kweupe, si hadithi ya kuokota.

Jumatatu saa nne alimpeleka kichanga wake wa miezi minne kupigwa picha ya pasipoti. Studio ni ya dada yake, tumbo moja, ziwa moja. Kichanga hawezi kukaa, kwa hiyo mama hujifunika shuka jeupe gubigubi, akamshika mtoto mbele ya kamera, kisha shuka na mikono vinafutwa kwenye kompyuta. Alikuwa ameshalishika shuka, dada akamzuia.

"Mdogo wangu, kanichukulie bahasha duka la pili. Nitamshika mimi."

"Na kupiga je?"

"Kamera inajifyatua yenyewe. Nenda bwana, au unadhani nitamla?"

Wakacheka.

Toka siku ile mtoto hakulia tena. Yaani machozi yanamtoka, mdomo umepanuka, sauti hamna. Daktari akammulika koo, akasema zima kabisa.

Alhamisi mchana alirudi studio, mtoto mgongoni. Dada katoka kidogo. Akaifungua picha ile, amwone tu mwanawe alivyokuwa siku ya mwisho ya sauti yake. Faili lilikuwa la PNG. Dada mwenyewe ndiye aliyemfundisha: JPEG hutafuna picha kila ukiihifadhi, PNG haipotezi hata chembe. Ukifuta nyuma ya mtu, mara nyingi rangi huwa zimefichwa tu, zipo palepale.

Akazifichua.

Shuka likarudi. Mkono wa dada ukarudi, kushoto, na pete yake. Mwingine kulia.

Na wa tatu.

Mrefu, mkavu, umechomoza kwenye shuka. Vidole viwili vimezama kinywani mwa mtoto.

"Nilisahau kwamba hii haipotezi kitu."

Dada alikuwa mlangoni. Wala hakushtuka.

"Dada. Huu mkono wa nani?"

"Wangu ana miaka sita," dada alinong'ona. "Bubu. Sita, hajaniita mama hata siku moja. Wako bado mdogo, angezoea."

"Si ungeniomba mimi! Ungechukua sauti yangu!"

"Niliwaambia. Walitaka sauti changa."

Akamkazia dada macho. Huyu ndiye aliyemkata mtoto kitovu. Huyu.

Nyuma ya pazia, binti wa dada akaamka. Dada akageuka haraka, uso umemng'aa. "Sema, mwanangu. Sema mama."

Binti akafungua kinywa.

Ngaa. Ngaa. Ngaa.

Kilio cha miezi minne, na kikwikwi chake kilekile mwishoni. Mtoto mgongoni akainua kichwa, akakisikiliza.

Dada akaanza kurudi kinyumenyume.

Na maziwa yakamshuka mama wa kichanga. Hakuyaita. Yalimwitikia yule aliyelia, yakalowesha blauzi mpaka kiunoni.

Blauzi imefuliwa. Imeanikwa juani wiki nzima.

Haijakauka.