Kikombe Kisichoonjwa

Risasi ya pili ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki, Boxer. Datius hakupunguza mwendo.

Mbele yake Fuso lilitimua vumbi kutoka Muleba kuelekea Kishanda, mapipa ya uchafu wa zebaki yakigongana nyuma. Wenye dhahabu ya magendo walikuwa wamejipatia jalala la bure: chemchemi inayonywesha kijiji kizima. Walikuwa wanamwaga humo kwa miezi.

Datius alichomoa bastola yake, Glock, akalenga tairi.

Mara mbili. Mara tatu.

Fuso liliyumba, likalala ubavu mgombani. Dereva alitoka na bunduki. Datius alimwahi kwa risasi ya kifuani.

"Senene, unanisikia?" Ilikuwa sauti ya Stellah redioni, mkuu wake aliyekuwa Bukoba, akimwita kwa jina lake la kazini.

"Nakusikia."

"Yalipakiwa mapipa sita. Hesabu."

"Matano."

"Basi pipa moja limetangulia. Koki ya kijiji inafunguliwa saa nne."

Zilibaki dakika kumi na mbili.

Kishanda ndiko alikozaliwa. Mama yake, Immakulata, aliyanywa maji hayo, na tangu mwezi wa tatu mikono yake ilikuwa inatetemeka hata akimenya ndizi. Datius alidhani ni uzee. Sasa alijua ni zebaki, akaongeza mwendo.

Kwenye tangi la maji ya chemchemi alimkuta mwanamume aliyevaa ovaroli ya mradi wa maji.

"Naitwa Joackim, fundi. Mzaliwa wa hapa hapa. Kuna tatizo, kaka?"

"Kiu tu, waitu," Datius alijibu kwa heshima ya Kihaya.

Joackim alichota kikombe, akampa kwa mikono miwili, adabu tupu.

Lakini hakuonja.

Muhaya akikupa cha kunywa, huonja yeye kwanza, hata kama hakupendi. Huyu alikuwa amejifunza salamu na mavazi. Hili ama hakulijua, ama aliliogopa.

"Anza wewe," Datius alisema.

Tabasamu lilikatika. Spana ilitua begani kwa Datius, ngozi ikachanika, mfupa ukalia, Glock ikatumbukia majini. Datius alimkamata ukosi, akamgonga uso kwenye zege mpaka meno yakadondoka. Joackim alichomoa kisu. Datius aliukunja mkono ule, na kisu kikazama tumboni mwake mwenyewe.

Nyuma ya tangi pipa la sita lilikuwa limeshainamishwa, kizibo kimelegea. Datius alilisimamisha kwa bega zima, akaikaza koki ya kijiji na kuing'oa mpini.

Saa nne kasoro dakika moja.

"Pipa ninalo," alimwambia Stellah redioni. "Kijiji kizima kisiguse maji. Leta madaktari wa figo na wa mishipa ya fahamu."

"Na wewe?"

"Naenda kwa mama."

Immakulata alikuwa mlangoni, kikombe mkononi.

"Karibu, mwana wange. Maji nimeyachemsha sana, kama walivyotufundisha zahanati."

"Kuchemsha kunaua vijidudu, Mama. Zebaki inabaki."

Mama hakumwelewa. Alikuwa ameshainua kikombe kwa mikono inayotetemeka amwonjee kwanza, kama alivyomwonjea kila mtoto na kila mgeni aliyeingia nyumba ile.

Datius alikipokonya, akamwaga.

"Sasa nikupe nini, mwanangu?"

Datius alitoa kwenye begi chupa ya maji aliyotoka nayo Bukoba. Akafungua. Akanywa funda moja, yeye kwanza.

Kisha akampa mama yake, akamshika mkono, wakatembea taratibu kwenda barabarani kusubiri gari la hospitali. Damu ya begani ilimchirizika mpaka kiwikoni. Hakujisumbua kuifuta.