Kasha Dogo la Rubani

Ghorofa ya chini ya jengo lile la vifaa vya umeme ilikuwa imejaa watu asubuhi hiyo, kila mmoja anauliza, kila mmoja anajibiwa na watatu. Katikati ya vurumai hiyo, dada mmoja aliyevaa gauni la bluu la mikono mifupi alikuwa ameinama juu ya meza ya watu, futi ya kushonea mkononi, anapima kasha la kompyuta upana, urefu na kina. Hodi hakupiga.

"Dada, hapa hatushoni," alisema mwenye meza.

Alikuwa kijana mrefu, shati limechomekwa vizuri, bisibisi ameichomeka nyuma ya sikio. Wenzake walimwita Skrubu, kwa kuwa hajawahi kufunga mashine akabakiwa na skrubu mkononi.

"Naona hamshoni," alijibu dada bila kuinua uso. "Mngekuwa mnashona, msingeacha kingo kali namna hii. Nataka kompyuta isiyozidi sentimita thelathini kwa upana, ila iwe na nguvu ya kurusha ndege."

"Ndege gani hiyo?"

"Ya baba yangu."

Hapo ndipo alipoinua uso, na Skrubu akasahau wateja wengine. Akamvutia kiti.

Baba yake, alieleza, alikuwa rubani kwa miaka thelathini na moja. Daktari alimzuia kurusha kwa sababu ya moyo, na tangu siku hiyo mzee alihamia kwa binti yake, kwenye chumba cha nyuma chenye kitanda, kabati na dirisha moja. Alikula akipewa. Alijibu akiulizwa. Muda uliobaki aliugeuzia ukuta kiti chake. Rafiki yake wa kazini alikuwa amemletea usukani wa kuigizia urubani, lakini hakukuwa na kompyuta ya kuuendesha, na nafasi pekee iliyobaki chumbani ilikuwa kwenye rafu, kati ya kabati na kitanda.

"Miezi minane sijamsikia baba akicheka," alisema. "Ninachotafuta ni hicho, fundi. Mengine yote ni vyuma tu."

Skrubu alisafisha koo. "Basi tutafute hivyo vyuma, Futi."

"Nani Futi?"

"Si wewe? Umekuja kunipima meza nzima!"

Akacheka, na jina likaganda.

Kazi ile haikuwa ya siku moja. Mchezo wa ndege, Skrubu alimweleza, ni mlafi. Unataka prosesa yenye akili ya haraka, kwa sababu ndiyo inayopiga hesabu za upepo na mabawa. Unataka kadi ya picha yenye misuli ya kuchora mawingu na miji, na kumbukumbu ya kutosha ili ardhi isikwame katikati ya safari. Na vyote hivyo vinatoa joto. Kwenye kasha kubwa joto lina pa kwenda, ila kwenye kasha dogo linageuka na kumla mwenye nyumba.

Futi naye alikuja na utaratibu wake. Alikuwa fundi cherehani, na hagusi kitambaa kabla ya kukata karatasi. Basi jioni moja baada ya kazi alimkaribisha Skrubu kwenye karakana yake, wakatandaza karatasi za kaki juu ya meza ya kukatia. Skrubu akataja vipimo, Futi akakata. Huu ubao mama unaobeba vyote, hii kadi ya picha, hii pawa saplai ya kugawa umeme, hiki kipoza cha prosesa. Wakavipanga ndani ya kasha tupu.

"Kadi hii ndiyo ninayoitaka," alisema Futi, ameshika karatasi ndefu kuliko zote. "Umesema ndiyo yenye nguvu."

"Haitaingia. Imezidi sentimita moja."

"Nitaikunja."

"Kunja karatasi, mpenzi. Chuma hakikunjiki." Neno lilimtoka kabla hajalipima. Akainama haraka kuokota mkasi ambao haukuwa umeanguka.

Futi alijifanya hakusikia, ila masikio yalimwaka moto. "Na hii fupi?"

"Hii fupi inaingia, haili umeme mwingi, na inaacha vidole viwili vya hewa. Mashine ni kama mtu, Futi. Ukimbana sana hapumui."

"Unamfundisha nani? Mimi kila gauni naliacha lipumue kwapani."

Walichagua kadi fupi, kipoza kifupi, na feni moja kubwa ya juu ya kutoa joto. Kwa majuma mawili walipigiana simu kuhusu feni hata pale ambapo feni haikuwa na tatizo lolote.

"Nilitaka kuuliza tu, ile feni ni ya rangi gani?"

"Nyeusi, laazizi. Kama ulivyoniuliza jana."

"Aa. Basi asante."

"Asante ya nini?"

"Ya kunijibu tena."

Siku ya kufunga mashine, Skrubu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mzee alimtazama anavyolala chali kuunganisha nyaya. Kioo kilipowaka kikaonyesha njia ya kurukia iliyolowa mvua, mikono ya mzee ilinyanyuka yenyewe ikashika usukani. Akaruka. Akazunguka juu ya mlima. Akatua na upepo wa ubavuni, gurudumu moja kwanza, kisha la pili. Halafu akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekisahau, akamgeukia binti yake.

"Umeona hiyo, mwanangu? Umeona?"

Futi alitoka nje kulia. Skrubu alimfuata, akamwazima leso, na pale barazani wakakubaliana bila maneno mengi kwamba wao sasa ni wapenzi.

Futi alikuwa mtu wa kushukuru kwa mikono. Aliona "asante" ya mdomo ni nyepesi. Kwa siku sita alijificha akishona kitu, na siku ya saba akaja nacho chumbani: vazi la kompyuta. Lilikuwa la mahameli ya bluu, ndani lina sponji, limebana kasha utadhani limezaliwa nalo. Mbele aliacha tundu la kuwashia, nyuma aliacha tundu la nyaya, na juu, mahali pazuri zaidi, alitarizi mabawa mawili ya dhahabu na neno moja: Asante. Akaivisha kompyuta, akaenda kazini akijua Skrubu atafurahi siku akiliona.

Msomaji, umeshajua feni ilikuwa wapi. Yeye hakukumbuka.

Mchana huo mzee alikuwa amebakiza hatua chache atue, dhoruba kushoto, taa za kiwanja mbele. Kioo kikazima. Akawasha, kikazima tena. Mzee alijua ndege, kompyuta hakuijua. Aliachia usukani polepole, akageuza kiti. Futi aliporudi alimkuta anatazama ukuta.

"Nimeiangusha," mzee alisema. "Daktari alikuwa sahihi."

Futi alipiga simu hapohapo.

"Ulisema umekagua mara tatu!"

"Salamu kwanza, kipenzi. Kuna nini?"

"Kuna baba yangu anaangalia ukuta! Ulimrusha ili umwangushe?"

"Nakuja kesho asubuhi, niitazame."

"Njoo. Mimi sitakuwepo, na ni afadhali."

Skrubu alikuja. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," mzee alijibu bila kugeuka.

Skrubu aliwasha mashine, akaweka kiganja juu ya mahameli. Ilianza kupata joto kama pasi. Akasoma lile neno lililotariziwa, akalipitishia kidole herufi kwa herufi. Kisha akalivua vazi taratibu, akaliweka kitandani, na baada ya nusu saa mashine ilikuwa inaunguruma salama salimini.

"Mzee, kosa halikuwa lako hata kidogo. Ni joto tu. Vazi hili limeziba feni."

Mzee aligeuza kiti. "Basi tumwambie mwenzio."

"Tafadhali, baba, tusimwambie. Ameshona siku nyingi. Nitamwambiaje kwamba asante yake ndiyo iliyokuangusha? Nitasema niliifunga feni vibaya. Wewe ivishe usiku tu, ikiwa imelala."

"Kijana, kwenye ndege tunaandika kosa lilivyo."

"Najua. Ila niahidi."

Mzee aliahidi kwa shingo upande.

Jioni simu ilikuwa fupi. "Feni niliifunga vibaya," alisema Skrubu. "Kosa langu. Nimerekebisha."

"Uliifunga vibaya." Sauti ya Futi ilikuwa baridi. "Kazi ya baba yangu, ukaifanya ovyo."

"Nisamehe."

"Gauni ningelirudia. Baba yangu simrudii. Usinipigie tena."

Majuma matatu yakapita. Mzee aliruka kila siku, akatua salama, na binti yake akakonda. Futi alishona mikono ya magauni ikiwa imegeuka, akafumua, akashona tena. Skrubu naye, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alifunga mashine akabakiwa na skrubu mbili. Wenzake waliitana kuja kuona.

Jumapili moja asubuhi Futi aliingia chumbani kufagia. Mzee alikuwa hewani, vipokea sauti masikioni. Vazi la bluu lilikuwa kitandani. Futi akalikung'uta vumbi, akaanza kulivisha kasha.

"Usilivishe!"

Mzee hakuwa mtu wa kupaza sauti. Futi aliganda, vazi mikononi.

"Baba?"

Mzee alisimamisha ndege yake angani. Akavua vipokea sauti, akasema, "Niliahidi, na sasa navunja. Weka mkono hapo juu."

Futi aliweka. Upepo wa moto ulipanda ukapita katikati ya vidole vyake. Akalitazama vazi, juu, pale alipotarizi mabawa. Hakuna tundu. Hata la sindano.

"Yeye alijua?"

"Tangu siku ile. Hakutaka ujue kwamba kosa lilikuwa la zawadi yako."

Futi alikaa chini sakafuni. Yeye, anayeacha nafasi kwapani kwa kila mteja, alimshonea mgonjwa wa joto koti la sponji. Alilia, akacheka, akalia tena. Kisha akachukua mkasi.

Alifika kwenye jengo akiwa na gauni la nyumbani na futi shingoni. Akaliweka vazi mezani kwa Skrubu. Juu lilikuwa na tundu la duara, kingo zimeshonwa vizuri, na mabawa mawili sasa yamekaa kila upande wa tundu.

"Pima," alisema. "Kama feni haipumui, nikate zaidi."

Skrubu hakupima. "Mzee kasema."

"Kasema. Nisamehe, mpenzi wangu. Nilikutukana kwa kosa langu mwenyewe."

"Yamekwisha, Futi."

"Hayajaisha. Kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kutarizi asante kwa ajili ya kazi yangu. Sikutaka iwe kosa."

Futi alimshika mkono mbele ya wateja wote. "Nashukuru. Nashukuru mpaka sijui nikushonee nini. Ila siku nyingine niambie. Mimi kufumua sikuogopi, nimezoea." Akavua futi shingoni. "Simama wima."

"Unafanya nini?"

"Mabega, arobaini na sita. Nyoosha mkono."

"Futi, watu wanatuangalia. Unapima nini?"

"Suti."

"Ya nini?"

"Sijui. Niambie wewe. Mimi fundi tu."

Bisibisi ilimdondoka Skrubu sikioni. "Ya kukuoa," alisema. "Ukinikubali."

"Geuka nipime mgongo," Futi alisema. "Nimekubali."

Walikwenda pamoja kwa mzee, wameshikana mikono, Skrubu akirudiarudia maneno ya posa njia nzima. Mlango ulikuwa wazi. Kasha dogo lilikuwa rafuni likinong'ona, na mzee alikuwa ameukamata usukani, macho kwenye mawingu.

"Shikamoo, baba," alianza Skrubu. "Tumekuja, mimi na binti yako, tuna neno..."

Mzee aliinua kidole kimoja bila kugeuka.

"Ngojeni nitue kwanza."

Wakakaa kitandani, bega kwa bega, wakangoja. Ndege iliteremka ikapenya wingu, taa za kiwanja zikaonekana, gurudumu moja likagusa, kisha la pili. Mzee alivua vipokea sauti, akageuza kiti chake kuwaelekea.

"Haya, wanangu," alisema, akitabasamu. "Semeni."