Ruhusa ya Kupiga Picha Kwenye Korona

Kila asubuhi Raheli alichota maji na kufagia uwanja wa nyumba yao huko Mabwerebwere, Kilosa, kisha akaenda shule. Ilikuwa miaka ya utawala wa Waingereza, na mashamba ya mkonge yalienea kila upande. Likizo ilipofika, mjomba wake Donati alikuja na kamera ya sinema aliyoiazima Dar es Salaam. Alitaka kutengeneza sinema fupi ya kuonyesha jinsi jani la mkonge linavyogeuka kamba.

Fedha za kulipia mahali pa kupigia picha hakuwa nazo.

"Basi tutaomba kwa heshima," alisema.

Mwenye duka la kamba alikubali, mradi wasiwazibie wateja mlango. Ikabaki korona, mashine kubwa ya kusaga majani ya mkonge.

"Raheli, nenda kwa nyapara, Mzee Cornel. Mwombe turuhusiwe kupiga picha kesho."

Raheli alipofika langoni mwa kiwanda, alimsikia nyapara akimfokea mfanyakazi. Akaogopa, akageuza njia.

"Amesemaje?" mjomba aliuliza.

"Amekubali."

Kesho yake waliingia kiwandani nyapara akiwa shambani. Beda, kijana aliyelisha majani kwenye mashine, alifurahi kupigwa picha.

"Beda, tazama huku kidogo!" Donati alipaza sauti.

Beda aligeuza uso. Mkono wake ukafuata majani. Alipiga ukelele uliozidi mngurumo wa mashine, na walipoizima, vidole vya mkono wake wa kulia havikuwapo tena.

Beda alipokwisha kupelekwa hospitali, nyapara alifika akihema.

"Nani aliwaruhusu? Ni Beda aliyewaingiza! Hata akipona, asikanyage hapa tena!"

Raheli angeweza kunyamaza.

"Shikamoo, mzee," alisema huku machozi yakimtoka. "Si Beda. Nilitumwa nikuombe ruhusa, nikakuogopa. Nikamdanganya mjomba kwamba umekubali."

Mzee Cornel aliketi juu ya robota la mkonge, akainamisha kichwa.

"Ungeniuliza, mjukuu wangu, ningewaambia mje Jumapili, mashine ikiwa imezimwa."

Beda hakufukuzwa. Alipotoka hospitali alipewa kazi ya kuanika nyuzi uani. Raheli alipokwenda kumwomba radhi, Beda aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji.

"Kazi yangu umeiokoa," alisema polepole. "Vidole vyangu basi tena."

Njiani kurudi nyumbani, Raheli alilia bila kujificha. Donati alimshika bega.

"Nami nilikosa. Ombi lile lilikuwa langu, nikakutwika wewe. Lakini sikia, mwanangu. Tunapoomba ruhusa hatuombi kufunguliwa mlango tu. Mwenye mahali ndiye anayezijua hatari za pale, na ukimwuliza atakuonya. Ukiogopa kuuliza, rudi useme, 'Nimeogopa.' Hakuna atakayeumia kwa neno hilo."