Ita Mwenyewe, Ukijibiwa Mchukue

Mtu wa kwanza alikuja saa nane mchana, akasimama mlangoni kwa Mama Pindo, fundi cherehani, akasema, "Nipe kompyuta yangu uliyoiba."

Mama Pindo akadhani kichaa. Yeye hajawahi kuiba hata usingizi! Kwa kushona lakini, usipime: alikuwa anatia uzi kwenye sindano amefumba macho, huku anagombana na watu watatu. Wa nne akisogea, anamshona mdomo.

Kesho yake wakaja wawili. Mwezi haujaisha wamefika kama elfu tisa. Haya, tupunguze: thelathini na ushee. Huyu katapeliwa, yule kakimbiwa na mume, mwingine katukanwa mtandaoni na mtu asiyemjua. Wote simu mkononi, wote wimbo mmoja: "Ramani imetuleta hapa." Majirani wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, salamu zikawa fupi kama mkia wa mbuzi. Mwenye nyumba, anayekaa mlango wa pili, akamwambia wazi: "Siku nikijua umemficha mtu humu, unahama siku hiyo hiyo. Miaka yako kumi na tisa sitaiangalia."

Ndipo Mama Pindo akajitungia dawa. Akija mtu, anamwingiza chumba cha kushonea, anamfungulia kabati, anainua mapazia, anamwaga hadi gunia la vitambaa. "Ita mtu wako kwa jina. Ita kwa sauti! Ukijibiwa, mchukue." Mtu anaita mara tatu. Kimya. Anaomba radhi, anaondoka.

Shemeji yake, Waya, anayefunga intaneti majumbani, alipopata habari alicheka mpaka akateguka mbavu mbili.

"Shemeji, hao wanafuata namba ya intaneti ya wanaowatafuta, na hiyo si namba ya nyumba. Kampuni inaazimisha tu: leo unayo wewe, kesho anayo mtu wa mji wa saba. Wenye ramani wanabahatisha. Namba wasiyojua iko wapi, wanaichomekea pini katikati ya nchi, basi."

"Na katikati ya nchi ni wapi?"

"Kwenye cherehani yako."

Waya akawaandikia wenye ramani barua kali hadi karatasi ikatoa moshi. Wakaihamisha pini, wakaitupa katikati ya ziwa. Wageni wakakatika kama maji ya bomba.

Chumba ndicho hakikutulia. Pasi imezimwa tangu asubuhi, lakini harufu ya pamba inayoungua imejaa mle. Cherehani inasikika ikizunguka peke yake, taratibu, ukifungua mlango inanyamaza kama watu waliokuwa wanakusengenya.

"Waya, mle kuna kitu," Mama Pindo alinong'ona.

"Panya."

"Panya gani anavuta pumzi kila nikitaja jina la mteja? Kama mtu anayetaka kuitika?"

Waya hakucheka. "Shemeji, wameita watu wangapi mle?"

"Thelathini na ushee."

"Mara tatu tatu, kwenye chumba kitupu. Sasa unadhani hakuna aliyesikia?"

Kabla hajajibiwa, mlango ukagongwa. Mama mmoja, macho mekundu, karatasi mkononi. Bintiye katoweka wiki tatu, na ramani hii alichapishiwa kabla pini haijahama.

"Usimruhusu aite," Waya akanong'ona.

Lakini mwenye nyumba alikwishajaa dirishani. "Kwa nini asiite? Wenzake wote si waliita? Au leo mtu yumo?"

Mama Pindo akakwama. Akikataa, kamficha binti wa watu na nyumba imekwenda. Akafungua.

"Kidoti!" mama akaita. "Kidoti! Kidoti mwanangu!"

"Abee, mama."

"Nilijua!" mwenye nyumba akapiga kelele, akarukia ndani, na mama naye akajitupa kwenye kabati akivurumisha magauni huku analia kwa furaha, ila kabatini hamkuwa na mtu, wala guniani, na harufu ile ya kuungua ikawa nzito hadi macho yakawatoka machozi wote wanne, na cherehani ikaanza kuzunguka mbele yao bila mguu wa mtu, na hapo hapo simu ya mama ikalia na yeye akaipokea, na sauti ya binti ikasema, "Mama, ni mimi Kidoti, nisamehe, niko kwa rafiki yangu, nakuja nyumbani."

Cherehani ikasimama.

"Mama," sauti ile ile ikasema kutoka pembeni pasipo na mtu, "kata simu. Mimi nimeitika kwanza."

Mama alitoka mbio na simu sikioni. Mwenye nyumba hakutafuta mlango, alipita na dirisha na fremu yake shingoni, na ndiye aliyehama. Kodi anatumiwa, kuja kumtoa mtu, hathubutu.

Mama Pindo bado yupo. Anashonea nje, chini ya ukuta, na wateja anawaita kwa kidole. Mama Kidoti alipita juzi kumjulia hali.

"Binti hajambo?" Mama Pindo akamuuliza kwa sauti ya chini.

Mama akatazama nyuma yake kwanza. "Yule aliyerudi kwa basi hajambo. Huyu mwingine ndiye hataki kulala."